Macho ya Msindikizaji

Oktoba 1955, mkulima wa jimbo la Oregon aitwaye Harry Holt alishuka kwenye ndege mjini Portland akiwa na watoto 12 kutoka Korea. Vita vya Korea vilikuwa vimenyamaza miaka miwili kabla, na vilikuwa vimeacha vituo vya yatima vimejaa. Watoto wanane kati ya hao walikuwa wake, kwa kuwa Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria mahususi ya kumruhusu yeye na mkewe, Bertha, kuwaasili. Bertha hakusafiri. Alibaki shambani na watoto sita aliowazaa mwenyewe, naye mumewe akakaa Korea miezi kadhaa akishughulikia wale wanane. Picha za siku ile zilienea magazetini, na kutokana nazo ikakua desturi ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya wachache, yaani kuvuka bahari kwenda kumtwaa mtoto wa nchi nyingine na kumfanya wako. Wanaoisimulia historia ya desturi hiyo humtazama mtoto, humtazama mzazi, kisha huitazama serikali. Mtu wa nne hasemwi sana. Huyo ni bibi, shangazi, kaka au mama mdogo anayefuatana na mzazi katika safari hiyo. Ninadai kwamba kazi yake ni nzito kuliko inavyodhaniwa, na kwamba historia yenyewe ndiyo inayomfundisha namna ya kuifanya. Kazi hiyo ina sehemu tatu: kubeba mizigo, kuizuia mikono yake isimnyang'anye mzazi mtoto, na kuyafungua macho yake ayaone yale ambayo mzazi hawezi kuyaona siku ile. Hiyo ya tatu ndiyo kubwa, kwa sababu kitu ambacho desturi hii imekipoteza mara nyingi zaidi ni kumbukumbu.

Lakini baada ya 1955 wazazi wengi wa Marekani hawakwenda Korea kabisa. Waliasili kwa wakala: mtu aliyepewa idhini alisimama mbele ya mamlaka za Korea kwa niaba yao, kesi ikamalizika, kisha mtoto akapakiwa kwenye ndege ya kukodi pamoja na makumi ya wenzake. Mzazi alimwona mwanawe kwa mara ya kwanza kwenye ngazi za ndege. Wafanyakazi wa ustawi wa jamii walipinga njia hiyo kwa nguvu, maana hakuna aliyekuwa ameitazama nyumba anayopelekwa mtoto wala kumtazama mtoto anayepelekwa. Mwaka 1961 sheria ya uhamiaji ya Marekani ikabadilishwa: mzazi awe amemwona mtoto kwa macho yake kabla ya kuasili au wakati wa kuasili, la sivyo mtoto aasiliwe upya akishafika Marekani. Sharti hilo lilikiri kwamba kumwona mtoto ni sehemu ya tendo lenyewe. Hata hivyo lile tundu la kuasili upya liliachwa wazi, na Korea iliendelea kupeleka watoto mikononi mwa wasindikizaji wa kujitolea, aghalabu watu waliokuwa na safari zao za kwenda Ulaya au Marekani na waliopewa nauli nafuu kwa kukubali kubeba mtoto mchanga. Mwaka 1985 peke yake watoto 8,837 waliondoka Korea Kusini. Mtu aliyempakata mtoto angani kwa saa 14 alimkabidhi uwanjani akaenda zake, na yale aliyoyaona na kuyasikia alipompokea akaondoka nayo.

Vietnam ilionyesha hasara hiyo kwa uchungu zaidi. Aprili 1975, Saigon ikiwa karibu kuanguka, Marekani iliwasafirisha zaidi ya watoto 2,000 kwa ndege ndani ya siku chache. Ndege kubwa ya kijeshi iliyotangulia, ya tarehe 4, ilianguka muda mfupi baada ya kuruka na kuua watu 138, zaidi ya 70 kati yao wakiwa watoto. Wengi wa waliosalimika na waliofuata walipokelewa San Francisco katika kambi ya jeshi ya Presidio, wakisubiri kugawiwa familia. Hapo muuguzi wa kujitolea mwenye asili ya Vietnam, ambaye aliweza kuzungumza nao kwa lugha yao, aliwasikia baadhi ya watoto wakisema kwamba wana mama, wana baba, wana ndugu waliowaacha nyumbani. Makaratasi yaliwaita yatima. Kesi ikafunguliwa mwaka uleule ili watoto wa namna hiyo warudishiwe wazazi wao, lakini wengi walikuwa wameshatawanyika, na mafaili yao yalikuwa pungufu kiasi cha kutowezesha kumfuatilia mtu. Kilichoiibua habari ile ni sikio la mtu aliyekuwa karibu na watoto bila kuwa mzazi wala afisa. Mwenye kusindikiza hushika nafasi ya namna hiyohiyo. Yuko karibu vya kutosha kusikia, na hana karatasi ya kutia sahihi ambayo ingemlazimisha afumbe macho.

Jamaa wa msafiri walipata nafasi yao halisi China. Sheria ya China ya kuasili ilianza kutumika Aprili 1992, miaka zaidi ya kumi tangu sera ya mtoto mmoja ianze, wakati vituo vya ustawi vilipokuwa vimejaa watoto wa kike. Sheria hiyo ilimtaka mgeni anayeasili afike China mwenyewe. Mume na mke wakishindwa kwenda wote, mmoja aliweza kumpa mwenzake idhini ya maandishi. Hilo ndilo lililomwita msindikizaji. Mama ambaye mumewe alibaki kazini au na watoto wengine alimchukua mama yake mzazi. Mwanamke asiye na mume, na hao walikuwa wengi katika miaka ya 1990 mpaka kanuni za 2007 zilipowafungia mlango kwa muda, alimchukua dada yake au rafiki aliye kama dada. Watoto waliotoka China kwenda Marekani tangu wakati huo ni zaidi ya 82,000, na kilele kilikuwa mwaka 2005, karibu watoto 7,900 kwa mwaka mmoja. Kati ya mababu, mabibi na mashangazi wa watoto hao, maelfu walitembea na familia hizo bila cheo chochote katika sheria. Kwa miaka mingi uraia wa mtoto ulitegemea iwapo wazazi wote wawili walimwona kabla kesi haijaisha, maana asiyeonwa na wote wawili alipewa viza ya aina nyingine na kuhitaji kuasiliwa upya Marekani. Bibi aliyesimama mlango wa kukabidhiwa akiwa na mjukuu wake hakuhesabiwa kuwa ameona.

Safari yenyewe ilikuwa na hatua zinazojulikana, na kila hatua ilikuwa na kazi ya msindikizaji. Familia zilikwenda kwa makundi, kwa wiki mbili hivi, zikiwa na mkalimani wa shirika la uasili. Zilifika makao makuu ya mkoa anakotoka mtoto, na pengine siku hiyohiyo au kesho yake walezi wa kituo walikuja na watoto kwenye ofisi ya serikali au ukumbi wa hoteli. Majina yaliitwa, watoto wakakabidhiwa mmoja mmoja, mara nyingi wote wakilia kwa pamoja. Mahojiano, alama za vidole na mihuri vilifuata, pamoja na mchango kwa kituo ambao kwa miaka mingi ulikuwa karibu dola 3,000, nao ulitolewa kwa noti taslimu. Kisha wakasubiri pasi ya mtoto kwa siku kadhaa. Mwishowe Wamarekani wote walielekea Guangzhou, kwani ubalozi mdogo wao wa huko ndio uliotoa viza za watoto wa kuasiliwa. Kwa miaka mingi ubalozi huo ulikuwa kwenye kisiwa cha Shamian katika Mto Lulu, jirani na hoteli ya White Swan iliyofunguliwa 1983, na desturi ikajengeka ya kuwapanga watoto wa kundi zima kwenye sofa nyekundu za hoteli hiyo na kuwapiga picha. Katika wiki hizo mbili kulikuwa na mabegi ya kubeba, maziwa ya kuchanganya usiku, foleni za zahanati ya vipimo, na mtu mzima mmoja aliyechoka akiwa amembeba mtoto anayemwogopa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wakimsema mtazamaji anayeuona mwepesi mzigo asioubeba yeye. Basi sehemu ya kwanza ya kazi ya msindikizaji ni kuubeba kweli. Aanze kabla ya safari, katika afya. Mwaka 2004 watoto kadhaa waliotoka kituo kimoja cha mji wa Zhuzhou, mkoani Hunan, waliwasili Marekani wakiwa na surua, na mamlaka za afya za Marekani zikapendekeza uasili kutoka kituo kile usimame kwa muda. Mwaka 2009 wataalamu wa chanjo wa nchi hiyo walikwenda mbali zaidi. Walipendekeza kwamba kila mtu atakayekuwa karibu na mtoto aliyeasiliwa kutoka nchi zenye homa nyingi ya ini aina ya A, katika siku 60 za mwanzo, achanjwe mapema, na ikiwezekana wiki mbili au zaidi kabla mtoto hajafika. Pendekezo hilo lilimhusu bibi aliyebaki nyumbani sawasawa na bibi aliyepanda ndege. Kwa hiyo kadi ya chanjo ni mzigo wa kwanza. Wa pili ni makaratasi: nakala ya kila hati kwenye begi la msindikizaji, mbali na zile za mzazi, ili begi moja likipotea safari isikwame. Wa tatu ni muda. Mwaka 2003 homa ya SARS iliifanya China isimamishe safari za kuasili kwa wiki kadhaa, na katika nchi nyingine familia zimekwama kwa miezi. Anayekubali kusindikiza aage kazini kana kwamba safari itarefuka, kwa sababu msindikizaji anayehesabu siku za kurudi humzidishia mzazi mzigo aliokuja kumpunguzia.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi kwa moyo wa ndugu. Mtoto amekabidhiwa, analia, mama amepauka kwa uchovu, na shangazi ana mikono mikunjufu na uzoefu wa kulea watoto wanne. Kila kitu ndani yake kinamwambia ampokee mtoto, ambembeleze, amlishe. Ajizuie. Utafiti wa zaidi ya nusu karne unaeleza sababu. Mwaka 1951 John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu madhara ya mtoto mdogo kukosa mlezi mmoja wa kudumu, na mwaka uliofuata James Robertson akaonyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini London bila mama yake, akinyauka siku baada ya siku ingawa wauguzi walimtunza vizuri. Tabu yake ilikuwa kumkosa mama, na wingi wa mikono isiyodumu haukuweza kuijaza nafasi hiyo. Michael Rutter na wenzake walipowafuatilia watoto 165 walioasiliwa Uingereza kutoka Romania, wengi wao wakitoka vituoni, baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, waliona kwamba waliotoka vituoni kabla ya kutimiza miezi sita wengi walikua sawa na wenzao, lakini kati ya waliokaa zaidi, baadhi walibaki na matatizo hadi utu uzima. Mojawapo ya dalili zao ilikuwa kumkimbilia mtu yeyote bila kuchagua. Jamaa wasafirio na mzazi wanapaswa kuishika hiyo hasa. Mtoto wa kituo anapomnyooshea shangazi mikono siku ya pili huenda hajampenda shangazi. Huenda anafanya alichojifunza kule ambako mlezi alibadilika kila baada ya saa nane. Shangazi amwelekeze kwa mama yake kwa upole, chupa ipite mikononi mwa mzazi, na kilio cha usiku kiitikiwe na mzazi.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana haki ya kupinga. Sisi tumelelewa na usemi kwamba mkono mmoja haulei mwana. Mtoto kwetu ni wa ukoo. Ana mama wadogo na mama wakubwa, na bibi yake humwita mjukuu wa kiume mume wake. Kumkataza bibi asimpakate mjukuu kunaonekana kuwa ubaridi wa watu wanaoishi kila mtu na mlango wake. Pingamizi hili ni zito, na jibu lake limo ndani ya mila hiyohiyo. Tazama siku 40 za uzazi zinavyoendeshwa pwani na katika sehemu nyingi za bara. Nyumba hujaa wanawake, lakini wanafanya nini? Wanampikia mzazi uji, wanamkanda kwa maji ya moto, wanafua, wanapokea wageni na kuwarudisha mapema, na anapolala wanahakikisha kelele hazimfikii. Mikono yote ile inamhudumia mama, naye mama anamhudumia mtoto. Ukoo unamzunguka mzazi ili mtoto apate kumjua mtu mmoja kwanza, na kupitia kwake awajue wote. Mtoto aliyeasiliwa hakupewa arobaini yake, au aliipata kwa mtu ambaye sasa hayupo. Safari ya kumfuata ni mwanzo wa arobaini iliyochelewa. Msindikizaji anayefua, anayepanga foleni na anayeleta chakula chumbani ndiye mkono wa pili ambao usemi ule unautaka, na akiwa na subira ya wiki au miezi michache atampakata mjukuu wake kwa miaka mingi.

Sehemu ya tatu ndiyo niliyoiita kubwa. Mwaka 2005 polisi wa Hunan waligundua mtandao uliouza watoto wachanga kwa vituo kadhaa vya ustawi vya eneo la Hengyang, na mwaka 2006 mahakama ikawahukumu wahusika. Baadhi ya watoto waliopita kwenye vituo hivyo waliasiliwa na wageni, na faili zao zilisema wameokotwa. Sioni njia ya kulitenganisha jambo hilo na zile noti za mchango, maana kituo kinachopokea dola 3,000 kwa kila mtoto anayeondoka kina sababu ya kutouliza mtoto ametoka wapi. Korea imesema wazi zaidi kuhusu yake. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini, baada ya kuchunguza malalamiko ya watu 367 walioasiliwa nje, ilitangaza kwamba serikali ilishindwa wajibu wake na kwamba haki za binadamu zilivunjwa. Watoto waliokuwa na wazazi wanaojulikana waliandikwa yatima, na wengine walipewa utambulisho wa mtoto mwingine. Katika tangazo hilo ilitambua rasmi waathirika 56. Wengine walikwama kwa sababu hati zao hazikutosha kuthibitisha chochote. Watu wa makamo, wenye watoto wao, waliambiwa kwamba maisha yao hayana karatasi ya kuyashuhudia.

Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993 kuhusu uasili wa kimataifa ulijaribu kuziba mapengo haya. Kifungu chake cha 19 kinataka uhamisho wa mtoto ufanyike kwa usalama na, ikiwezekana, akiwa pamoja na wazazi wanaomwasili. Kifungu cha 30 kinazitaka mamlaka zitunze habari za asili ya mtoto. Lakini mamlaka hutunza kile zilichoandikiwa, na tumeona kwamba walioandika hawakuwa wakweli siku zote. Ndiyo maana daftari la msindikizaji lina thamani ambayo faili haina. Liandikwe siku ileile: saa mtoto alipokabidhiwa, jina la mlezi aliyemleta na namna alivyomwita mtoto, maana jina la kubembelezea la kituoni huwa halimo kwenye hati. Aandike mlezi alisema mtoto hulala vipi, hula nini, huogopa nini. Aandike kila neno lililosemwa kuhusu alikookotwa, hata kama halilingani na faili, na hasa kama halilingani. Apige picha za lango, za barabara, za uso wa mlezi akikubali, za gari lililomleta. Nguo alizokuja nazo mtoto zisitupwe wala zisifuliwe haraka. Zina harufu anayoijua, na baadaye zitakuwa kitu pekee alichokuja nacho kutoka kwao. Mzazi hawezi kufanya hayo. Saa ile macho yake yote yako kwa mtoto, na ndivyo inavyotakiwa.

Mtu ataniambia kwamba ninamgeuza bibi kuwa mpelelezi. Yuko nchi ya watu, hajui lugha, anategemea mkalimani anayelipwa na shirika la uasili, na akiuliza sana anaweza kuharibu kesi ya mwanawe. Tena mzazi aliyengoja miaka mitatu hataki kusikia mashaka ya mama yake katika chumba cha hoteli. Katika hili kuna ukweli, na unaweka mipaka. Msindikizaji hakuenda kuhoji maafisa wala kumtia mzazi wasiwasi katika saa yake ya furaha na hofu. Aliyoyaandika anaweza kuyatunza kimya kwa mwaka mzima. Lakini kusikiliza hakumkwazi mtu, na swali la upole kwa mlezi kuhusu chakula na usingizi wa mtoto huleta majibu mengi kuliko swali la afisa. Kuhusu lugha, mkalimani hutafsiri kifupi. Aombwe kutafsiri tena, kwa ukamilifu, na maneno ya asili yarekodiwe kwa sauti pale inaporuhusiwa, ili mwenye lugha ayasikie siku nyingine. Ikiwa jambo lililosikika linaonyesha kwamba mtoto ana mama anayemtafuta, mipaka hiyo inaisha. Hapo mzazi lazima aambiwe kabla ya kuweka sahihi. Yaliyotokea Presidio mwaka 1975 yanatosha kuonyesha gharama ya kulijua hilo baada ya watoto kutawanyika.

Pingamizi la mwisho linakata zaidi. Ikiwa desturi hii imejaa uongo kiasi hiki, kwa nini kumshauri mtu namna ya kuisindikiza vizuri? Afadhali ikome. Nchi zetu zimelijibu swali hilo kwa sheria. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mgeni anayeasili awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha hati za kutoka nchini Septemba 2013, na watoto ambao mahakama ilishawakabidhi kwa wazazi wa kigeni wakakaa Kinshasa kwa miaka wakisubiri. Kenya ilisimamisha uasili wa wageni Novemba 2014. Uganda, ambako wageni walikuwa wakichukua amri ya ulezi mahakamani na kuondoka na mtoto baada ya wiki chache, ilibadili sheria yake mwaka 2016 na kutaka mgeni akae nchini na kumlea mtoto mwaka mmoja kwanza. Mimi ninaziunga mkono sheria hizi. Mtoto aliye na bibi kijijini, ambaye familia yake imeshindwa na ada na chakula tu, anahitaji ada na chakula, na ndugu wa damu wapewe nafasi kabla ya mgeni yeyote. Wala kulea mtoto asiye wako si jambo tulilofundishwa na sheria za Ulaya. Waislamu wana kafala, inayompa mtoto malezi bila kumnyang'anya ukoo wake. Lakini sheria hizi hazikumfuta msindikizaji. Zimeirefusha kazi yake. Mzazi anayekaa Kampala mwaka mzima anahitaji jamaa wanaokuja kwa zamu, na mwaka huo mzima ni nafasi ya kumjua bibi wa mtoto kwa jina, kufika kwake, kuandika ukoo wake na kupiga picha ya kaburi la mama yake kama yupo kaburini. Kesi ikiwa safi, daftari litathibitisha usafi wake. Ikiwa chafu, huenda daftari likawa ndilo lililoionyesha.

Kazi haiishii kwenye ndege ya kurudi. Uwanjani kutakuwa na binamu, majirani na watu wa kanisa au msikiti waliokuja na maua, kila mmoja akitaka kumshika mtoto aliyekaa hewani siku nzima na asiyejua yuko wapi. Msindikizaji ameyaona yote, hivyo maneno yake yana uzito kuliko ya mzazi anayedhaniwa kuwa na wivu. Yeye ndiye wa kusema kwa heshima kwamba leo tutasalimia kwa mbali. Kwa wiki za mwanzo ataendelea kupika na kuwarudisha wageni mapema, kama nyumba ya uzazi. Baadaye, mambo yakitulia, anakaa chini na mzazi na kumsomea daftari, maana mengi ya siku ile mzazi mwenyewe hatayakumbuka. Daftari linakwenda kwenye sanduku moja na zile nguo. Tangu hapo linakuwa mali ya mtoto, na wazazi na msindikizaji wanakuwa watunzaji wake tu.

Agosti 2024 China iliufunga mlango iliokuwa imeufungua miaka 32 kabla. Wageni hawaruhusiwi tena kuasili watoto wa Kichina, isipokuwa ndugu wa damu hadi kizazi cha tatu na watoto wa kambo. Desturi iliyoanza kwa wageni imerudi kwa ndugu. Watoto waliopigwa picha kwenye sofa nyekundu za Guangzhou wengi wao sasa ni watu wazima, na baadhi yao wanarudi Hunan, Jiangxi na Guangdong kutafuta kituo, mlezi, na pengine mama. Wengi wanafika na faili la kurasa chache linalosema waliachwa langoni siku fulani. Aliyebahatika anafika pia na daftari la bibi yake, aliyekwishafariki, na ndani yake pana jina la yaya, jina ambalo yaya alimwita, na sentensi moja aliyoisema akimkabidhi. Akiwa na jina hilo anaweza kusimama langoni na kuuliza mtu.